Nani anashika viza yako? Arabuni, Uingereza, Ujerumani na meli sako kwa bako

Jumanne asubuhi, kahawa chungu haijapoa, msichana mmoja wa Likoni aliniwekea karatasi mbili juu ya kaunta hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa kazi ya nyumba Saudia, miaka miwili, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, riyali 1,000 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa "ofa" ya hoteli Kanada: dola 3,800 kwa mwezi, nyumba bure, viza bure, ila kwanza atume shilingi 38,000 za "kufungua faili".

"Ami, nitolee kopi hizi, kisha uniambie: ungekuwa ni wewe, ungeenda wapi?"

Kopi hazikuchukua hata dakika. Hilo swali ndilo lililotuweka mpaka adhuhuri, na kwa kuwa naulizwa karibu kila wiki, nimeona heri niliandike mara moja.

Saiba yangu ina miaka kumi na moja. Napiga chapa CV, naskani vyeti vya shule vilivyokunjwa mara nane, naingiza watu kwenye eCitizen kuomba pasipoti (shilingi 7,550 ile ya kurasa 34) na cheti cha tabia njema (1,050). Mikataba ya watu naiona kabla mama zao hawajaiona. Na mimi mwenyewe nimewahi kuliwa. Mwaka 2019 nilimpa ajenti mmoja wa hapa mjini shilingi 85,000 kwa kazi ya ghala Qatar. Viza ilikuja kweli, na nembo zake zote. Nikampelekea rafiki yangu anayesoma Kiarabu aniangalilie. Akacheka, halafu akanyamaza. Ilikuwa viza ya matembezi ya siku thelathini. Zile pesa sikuziona tena, lakini tangu siku hiyo nikipewa mkataba sianzi na mshahara. Naanza na jina la mdhamini.

Maana viza ya kazi haikai hewani. Nyuma yake yuko aliyekuombea, na jina lake limo kwenye mafaili ya uhamiaji wa nchi ile. Watu hulinganisha baridi, chakula na mshahara. Mimi nalinganisha nguvu aliyo nayo yule mtu juu yako siku mtakayokosana, na ni nani aliyetoa pesa mpaka ukafika. Ukipanga nchi kwa kipimo hicho, orodha inabadilika kabisa.

Kwanza tuitoe ile ya Kanada

Kanada haina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye zile 38,000. Mwajiri wa kule anayetaka mgeni kwa kawaida huomba kibali kiitwacho LMIA, ambapo serikali inataka aonyeshe kuwa ametafuta mtu wa nchini akakosa. Kibali hicho humgharimu dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi pesa hizo. Sasa mwenye hoteli aliyekubali kutoa dola elfu moja kwa ajili yako ashindwe kufungua faili lake mwenyewe? Barua yenyewe ilitoka kwenye anwani ya Gmail, na jina la mji limeandikwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja. Nilimzungushia kwa kalamu nyekundu.

Nafasi za kweli ziko kwenye Job Bank, tovuti ya serikali ya Kanada. Na kwa mwenye digrii, miaka kadhaa ya kazi na Kiingereza kizuri cha mtihani, kuna Express Entry, inayokupima kwa alama na haimtaki mwajiri awe mdhamini wako. Huyu binti ana cheti cha kidato cha nne na miaka mitatu ya kazi ya hoteli. Tukaifunga.

Marekani nayo naipita mbio. Muuguzi aliyefaulu NCLEX, mtihani wao wa leseni ya uuguzi, ana njia yake ya EB-3, viza ya ukaazi kupitia mwajiri, ila foleni ni ya miaka. Wa kompyuta wana H-1B, viza ya kazi ya bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 mwajiri anayemwombea mtu aliye nje ya Marekani amewekewa ada ya dola 100,000. Nani atazitoa kwa kijana wa Tudor aliyemaliza chuo juzi?

Arabuni: si mtaa mmoja

Kwa haraka, hakuna anayeishinda Arabuni. Mtu hupata pasipoti, akapimwa afya kupitia Wafid (ambayo sote bado tunaiita GAMCA), akagongewa viza, na miezi miwili mitatu yuko kwenye ndege. Hatakiwi digrii wala mtihani wa lugha. Na kwa kazi ya nyumba Saudia, mwenye kulipa gharama ni kafili, yaani mwajiri anayekudhamini: yeye huilipa ofisi, na mkataba hupita Musaned, mfumo wa serikali yao. Ajenti wa kazi ya kadama, yaani ya nyumba, anayekudai pesa juu yake, jiulize anakuuza mara ngapi.

Mishahara ninayoiona kwenye karatasi ni riyali 900 hadi 1,000, yaani kama shilingi 31,000 hadi 34,000. Ukisikia hivyo utasema ni kidogo, na ni kidogo. Lakini chakula na malazi ni juu ya kafili, kwa hivyo mwenye nidhamu hutuma karibu yote. Binamu yangu alikaa Jeddah miaka miwili na nusu akarudi akajenga vyumba viwili Mtopanga. Kuna wenye digrii hapa mjini hawajanunua hata mlango.

Lakini huyohuyo binamu pasipoti yake ilikaa kabatini kwa madamu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kanuni za Saudia zenyewe zinamkataza mwajiri kushika pasipoti. Kanuni iko Riyadh, na kabati liko chumbani kwa madamu. Hilo ndilo tatizo la kafala, huo mfumo wa mdhamini, kwa kazi ya nyumba: mwajiri wako, mwenye nyumba unayolala na mwenye ikama yako (kibali cha kuishi) ni mtu mmoja. Mwaka 2021 Saudia ilipolegeza masharti ili mfanyakazi aweze kuhama mwajiri, wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia na wachungaji waliachwa nje. Ukitoka nyumbani kwa hasira bila utaratibu, kafili anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, ile wanayoiita huruub, na hapo unaweza kuwa mtu asiye na karatasi, hata kama aliyekosa ni yeye.

Kazi ya kampuni ni jambo lingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Ulinzi, usafi, hoteli, ghala: unakaa kambini na wenzako, una meneja badala ya madamu, na ukipigiwa kelele kuna mashahidi. Qatar ilifuta ruhusa ya mwajiri wa zamani kwa anayetaka kuhama kazi mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ina kima cha chini cha riyali 1,000, kwa wa kampuni na wa nyumbani sawasawa. Asipokupa malazi anaongeza 500, asipokupa chakula 300. Ni kiasi kidogo, lakini kimeandikwa, na kilichoandikwa kinadaika.

Dubai ina mtego wake. Kwa sheria za kule, gharama za kuajiri ni za mwajiri, na kabla ya kibali cha kazi kutoka unatakiwa usaini barua ya ajira iliyopitia wizara yao ya kazi. Lakini wengi wa hapa huenda kwa viza ya matembezi, "nitatafuta hukohuko". Nawaelewa, CV ukiipeleka kwa mkono inasomwa. Ila hesabu: tiketi, kitanda cha kupanga katika chumba cha watu wanane, nauli za kuzunguka, na viza ikiisha ni dirham 50 kwa kila siku unayozidisha, kama shilingi 1,750. Na kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa. Kama huna akiba ya miezi mitatu na mtu wa kukupokea, hiyo si njia ya kutafuta kazi, ni kamari.

Uingereza: mlango umerudishwa

Miaka mitatu minne iliyopita nilichapa CV za walezi wa wazee hata mashine ikawa yaijua ile kazi kuniliko mimi. Siku hizi bado wanakuja, wameambiwa na ajenti kuwa "Care UK iko wazi". Haiko. Tangu Julai 22, 2025 mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kuleta mlezi mpya kutoka nje. Kazi nyingi nyingine nazo zimepandishwa hadi kiwango cha digrii, na kima cha kawaida cha mshahara kikawa pauni 41,700 kwa mwaka. Tangu Januari 2026 na Kiingereza kimepandishwa hadi B2, ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha, kuanzia A1 hadi C2. Waliobaki na njia iliyonyooka ni watu kama wauguzi, ambao wana kima chao cha chini zaidi, pamoja na wahandisi na wengine wenye digrii zinazotafutwa.

Kwa usafi wa mfumo lakini, Uingereza nawapa heko. Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, na orodha ya wenye leseni imewekwa wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Unaishusha, unatafuta jina, dakika mbili. Nimeshawaokoa watu kumi na zaidi kwa dakika hizo mbili. Kisha mwajiri hukupa namba ya cheti cha udhamini. Ada ya cheti hicho ni ya mwajiri, na tangu mwisho wa 2024 haruhusiwi kukurushia wewe. Ada ya viza na ya afya ndizo zinazokuangukia, usipolipiwa. Ile ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kabla hujaondoka. Miaka mitatu ni pauni 3,105, zaidi ya nusu milioni za Kenya. Wauguzi na wenzao wa viza ya afya wamesamehewa hiyo, na ndiyo maana muuguzi wa Port Reitz na mhasibu wa Nyali, wakienda ndege moja, hawaanzi na deni moja.

Na bado leseni si kinga. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za kampuni za ulezi, na kampuni hizo zilikuwa zimehusishwa na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Fikiria umeuza kiwanja cha Mtwapa, umefika, umepewa koti na baiskeli, kisha barua inakuja: mdhamini wako hana leseni tena. Una siku 60 za kupata mwingine. Hukukosa lolote.

Ujerumani: ulimi ndio mdhamini

Hapa ndipo nilipompunguzia binti kasi, kwa sababu Ujerumani haiendi kwa mtindo wa wenzake. Mwajiri wa Kijerumani hahitaji leseni maalumu ya kukuleta. Kinachotakiwa ni mkataba, cheti chako kitambuliwe, na mara nyingi idara yao ya ajira ikubali masharti ya kazi. Viza ya kitaifa yenyewe ni yuro 75. Ukilinganisha na ile nusu milioni ya Uingereza utadhani wamekosea kuchapa.

Bei yake iko mahali pengine: lugha. Kwa mafunzo ya kazi wanayoyaita Ausbildung, ambayo kwa uuguzi ni miaka mitatu ya kusoma na kufanya kazi huku unalipwa, jiandae kwa Kijerumani cha B1. Muuguzi kamili anayetaka cheti chake kitambuliwe huandaa B2. Hiyo ni miezi minane hadi mwaka na zaidi, ukikaa chini kweli.

Pwani hii ilisikia Kijerumani zamani kabla watu wa Nairobi hawajakiona kuwa dili. Diani, Bamburi, Mtwapa, kuna wauza vinyago wanaokisema kushinda wenye diploma. Mpwa wangu alikuwa akiuza safari za mashua ufukweni Bamburi. Kijerumani chake kilikuwa kinateleza kama samaki. Akaenda kufanya mtihani wa B1, akaanguka kwenye kuandika. Alirudi hapa saiba akakaa kwenye kile kiti cha mwisho, karatasi mkononi. "Ami," akaniambia, "miaka sita nazungumza na Wajerumani, hakuna aliyeniuliza kiti ni mwanamume au ni mwanamke." Maana kwa Kijerumani kila jina la kitu lina jinsia yake. Alisoma miezi minne mingine, akafaulu. Kila safari ya Nairobi ilikuwa 1,500 kwa SGR daraja la kawaida kwenda na 1,500 kurudi, maana Goethe, taasisi ya Kijerumani yenye mitihani hiyo, iko huko na ubalozi uko huko. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu. Sisi wa Pwani kila muhuri una nauli yake.

Sasa yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi katika mji mdogo wa kaskazini. Kwenye hospitali za umma mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza hupata yuro 1,300 au 1,400 na kitu kwa mwezi kabla ya makato. Anasema akilipa chumba, bima na chakula, kinachobaki cha kutuma ni kidogo kuliko binamu yetu alivyokuwa akituma kutoka Jeddah. Niliuhakiki huo usemi mara mbili maana sikuamini. Tofauti ni kwamba binamu alirudi na vyumba viwili na umri wa miaka thelathini na minne, bila cheti chochote. Mpwa akimaliza miaka mitatu ni muuguzi wa Ujerumani, na baada ya miaka miwili ya kazi ya taaluma anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Arabuni, kwa kazi kama ya binamu, miaka peke yake haikufikishi hapo.

Kuna pia Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafuta kazi hukohuko mpaka mwaka mmoja, iliyoanza Juni 2024. Unaruhusiwa vibarua vya saa 20 kwa wiki. Ndiyo "nitatafuta hukohuko" ya halali. Lakini lazima uwe na digrii au mafunzo ya kazi ya miaka miwili yanayotambuliwa na serikali yako, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, ufikishe alama zao, na uonyeshe pesa za kujikimu: kwa 2025 ilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi. Mara kumi na mbili, ni karibu shilingi milioni mbili. Mwenye milioni mbili za kulaza benki hapa Majengo kwa kawaida ana duka, haendi popote.

Halafu ule mkataba wa Kenya na Ujerumani uliosainiwa Berlin Septemba 13, 2024. Zilivuma nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha hadharani; makubaliano hayana idadi. Makubaliano yale yanalainisha njia, hayagawi kazi. Anayekuuzia "nafasi ya zile laki mbili na nusu" anakuuzia upepo wa kusi.

Meli: kazi ambayo mji huu umeisahau

Ajabu ya Mombasa ni kwamba tunapanga foleni ya kwenda jangwani na meli zinapita tunaziona kutoka ufukwe wa Mama Ngina. Kazi ya meli ni kazi ya ughaibuni, mwajiri ndiye anayekulipia viza, na ofisi kuu ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya iko hapahapa, Barabara ya Moi. Hupandi SGR kwa hilo.

Sheria inayoitawala ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Nautaka kila kijana ausome sehemu moja tu: baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Anajilipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Nimezipekua nchi zote hizo hapo juu, sijaona andiko lililo wazi hivyo. Kwa meli za kitalii zinazogusa Marekani utahitaji viza ya C1/D, ambayo ni ya mabaharia na wapitaji. Hiyo haikupi haki ya kuishi Marekani, inakupa haki ya kupanda na kushuka melini.

Unachotakiwa kuwa nacho ni kozi za msingi za usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wa mtu na wajibu wake, na ufahamu wa ulinzi. Zinafundishwa Bandari Maritime Academy na vyuo vingine vilivyoidhinishwa. Kozi unazilipia mwenyewe, na hapo ndipo wajanja wanapoingilia: "lipa kozi kwetu, kazi iko tayari". Kozi ni kozi, kazi ni kazi. Wakala wa mabaharia awe na leseni ya Mamlaka ya Bahari. Ukivuka barabara ukaingia ofisini kwao ukauliza, umemaliza.

Mshahara? Kwa baharia wa sitaha wa daraja la AB kima cha chini cha kimataifa ni dola 690 kwa mwezi tangu Januari 2026, kama shilingi 89,000, na kulala na kula ni juu ya meli. Wahudumu wa meli za kitalii hutegemea mkataba wa kampuni na bakshishi. Wengi hukaa miezi sita hadi tisa kisha wanarudi nyumbani, na mkataba wa kimataifa hauruhusu ukae melini mwaka mzima bila kurudishwa.

Ubaya wake usifichwe. Saa za kazi zinaruhusiwa kufika 14 kwa siku na 72 kwa wiki, na huna pa kutokea kwenda kupunga upepo. Upepo wenyewe ndio uliokuzunguka. Mkataba ukiisha huna kazi mpaka upate mwingine. Na ukaazi wa kudumu wa nchi yoyote haupo, maana bahari haina ukaazi.

Siku ya kukosana

Hapa ndipo ninapozipanga zote mezani. Tuseme leo bosi amekwambia usije kesho.

Kwenye meli, mwenye meli anatakiwa akurudishe kwenu kwa gharama yake. Unatua uwanja wa ndege wa Moi ukiwa huna kazi, lakini umetua. Ujerumani, unaiarifu ofisi ya wageni, na kwa kawaida unapewa miezi kadhaa ya kutafuta mwajiri mwingine; cheti na lugha ni vyako, havishikwi na mtu. Uingereza ni zile siku 60, na mwajiri mpya lazima awe na leseni na alipe kima. Qatar na Dubai kwenye kampuni unaweza kuhama, ukijua utaratibu na ukiwa na nakala ya mkataba wako. Saudia kwenye nyumba ya mtu, jibu linategemea kafili ni mtu wa namna gani, na huyo hukumchagua wewe.

Ndiyo maana sisemi Saudia usiende. Binamu yangu mwenyewe anataka kurudi. Nauliza ile riyali 1,000 ina bima kiasi gani ndani yake, na huko bima yako ni tabia ya mtu usiyemjua.

Kwa hivyo nani aende wapi

Mama mwenye watoto wanaosubiri karo ya mwezi ujao hawezi kuambiwa akasome Kijerumani mwaka mzima. Kwake Arabuni ni jibu halali, ila atafute kampuni kabla ya nyumba, na kama ni nyumba, ajenti awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mkataba uthibitishwe kabla hajapanda ndege, nakala ibaki kwa mtu wake hapa, na namba ya ubalozi wetu wa Riyadh aihifadhi kichwani na si kwenye simu peke yake. Simu huchukuliwa.

Kijana wa miaka ishirini hivi asiye na wanaomtegemea, aliyemaliza shule vizuri, sioni kwa nini aende kulinda mlango Doha. Aende Ujerumani polepole, au melini kama bahari haimtii kichefuchefu. Muuguzi aliyesajiliwa alinganishe Uingereza na Ujerumani kwa jambo moja, je, yuko tayari kuanza lugha upya? Kiingereza anacho tayari. Kama hayuko tayari, aende Uingereza kwa njia rasmi. Kenya na Uingereza zina makubaliano ya wahudumu wa afya tangu 2021. Mwenye digrii isiyo ya afya na mshahara mzuri hapa, mimi ningemwambia atulie, ajaze Express Entry jioni jioni, na asiache kazi.

Na yule binti? Nilipomaliza alikuwa ameshajua anachotaka kuuliza.

"Kwa hiyo na kazi ya hoteli niliyo nayo, melini naweza kuingia?"

Miaka mitatu ya kutandika vitanda na kubeba sinia Shanzu, nikamwambia, ndiyo CV ya meli. Hakujua. Mama yake ameshampa ajenti wa Saudia pasipoti, akasema, na ataogopa kuidai. Nikamwambia aende na mamake, si peke yake, waidai leo, kisha walitafute jina la ajenti kwenye orodha. Likiwepo mkataba hautakimbia, na lisipokuwepo watashukuru. Nikamchapia CV upya, hoteli ikaja juu kabisa, nikamwandikia nyuma ya risiti jina la jengo la Mamlaka ya Bahari: White House, Barabara ya Moi.

Alilipa shilingi sitini, akauwahi ule feri wa saa saba. Karatasi ya Kanada aliisahau kwenye kaunta. Nyuma ni nyeupe, naandikia hesabu ya kopi.